Kifurushi kimekwama wapi? Utatuzi wa masasisho yanayochelewa katika Debian

Programu imetoa toleo jipya miezi minne iliyopita, lakini kwenye kompyuta yako bado ni lile la zamani, na kila ukiandika `apt upgrade` unajibiwa kwamba hakuna jipya. Wengi wakifika hapo huamua kuwa watunzaji, yaani watu wanaofungasha programu kwa ajili ya Debian, wamelala. Kweli mikono ni michache: Debian 13 (trixie), toleo la mfumo huu wa Linux lililotoka tarehe 9 Agosti 2025, ina vifurushi 69,830, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hubebwa na watu wanaojitolea, wanachama wenye haki kamili ya kupakia wakiwa takriban 1,000. Hata hivyo, kuchelewa kuna vyanzo vingi, na dawa ya kimoja huharibu kingine. Kifurushi husafiri kwa vituo: kwa mwandishi wa programu, kwa mtunzaji, foleni ya NEW kama ni kipya kabisa, mashine za kujengea, matawi ya unstable (pa kupokelea vipya, huitwa pia sid), testing (pa kuandalia toleo lijalo) na stable (toleo lililokamilika), seva ya nakala, ndipo kikufikie. Kabla ya kumlaumu mtu, tafuta kimesimama kituo gani.

Amri mbili hutosha kuanzia, baada ya kusimika `devscripts` yenye `rmadison`; mahali pa `jina` weka jina la kifurushi:

```
sudo apt install devscripts
apt policy jina
rmadison jina
```

Ya kwanza kati ya hizo mbili, `apt policy`, inaonyesha kompyuta yako inaona nini. `rmadison` inauliza hifadhi kuu ya Debian ina nini katika kila tawi. Majibu yakitofautiana kwa tawi lile lile unalotumia, tatizo liko kwako au kwenye seva ya nakala. Kama yanafanana, endelea kupanda juu.

Namba ni ya zamani, nawe uko kwenye stable

Huu si ugonjwa. Stable haibadilishiwi matoleo ya programu baada ya kutoka, isipokuwa chache kama vivinjari. Kinachoingia ni viraka vya usalama na hitilafu kubwa, vikishonwa juu ya toleo lile lile. Mfano mzuri ni OpenSSH, programu ya kuingilia seva kwa mbali. Pengo la usalama lenye namba CVE-2024-6387 lilipotangazwa tarehe 1 Julai 2024, waandishi walilirekebisha katika 9.8. Debian 12 ilibaki na 9.2, ikatoa `1:9.2p1-2+deb12u3` yenye kiraka. Mtu anayesoma "9.2" pekee ataripoti kwamba seva iko wazi, na mkaguzi wa usalama anayetumia programu ya kukagua namba tu ataandika hivyo hivyo kwenye ripoti yake. Mkia `+deb12u3` ndio wenye habari. Hakikisha hivi:

```
apt changelog openssh-server | grep CVE
```

Kama unahitaji toleo jipya kwa ajili ya kipengele fulani, jaribu backports, hifadhi ya matoleo mapya yaliyojengwa kwa ajili ya stable. Andika mstari huu katika `/etc/apt/sources.list.d/backports.list`:

```
deb http://deb.debian.org/debian trixie-backports main
```

Kisha `sudo apt update` na `sudo apt install -t trixie-backports jina`. Usichukue kifurushi cha unstable ukakisimika juu ya stable. Kitavuta `libc6` mpya, maktaba ya msingi ya mfumo, hiyo itavuta vingine, na baada ya wiki mbili utakuwa na mfumo ambao hakuna mtunzaji anayeweza kukusaidia, kwa kuwa haufanani na tawi lolote.

apt inalalamikia faili la Release

Ikisema faili hilo, linaloorodhesha yaliyomo kwenye hifadhi pamoja na tarehe, limepitwa na muda, seva ya nakala unayotumia imeacha kusasishwa. Hifadhi kuu husasishwa mara 4 kwa siku, na matawi kama unstable yana tarehe ya mwisho ya uhalali kwenye faili la Release, kwa hiyo nakala iliyozembea hujulikana ndani ya siku chache. Badilisha anwani iwe `deb.debian.org`. Ikisema faili bado halijaanza kuwa halali, angalia saa ya kompyuta kwa `timedatectl`. Kwenye mashine kuukuu betri ya saa huwa imekufa, na tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika.

Kiko unstable, hakifiki testing

Hapa ndipo lawama nyingi huelekezwa kwa mtu asiyehusika. Kuhama kutoka unstable kwenda testing hufanywa na programu, na programu hiyo hutoa sababu zake hadharani. Zisome:

```
grep-excuses jina
```

Sababu nyepesi ni umri. Kifurushi chenye udharura wa kawaida, `medium`, hukaa siku 5. `Low` siku 10. `High` siku 2. Chenye majaribio yanayofaulu hupunguziwa siku. Hapo subiri tu.

Ukikuta maneno `missing build on` yakifuatiwa na jina kama `riscv64` au `s390x`, kifurushi kimeshindwa kujengwa kwenye usanifu huo wa mashine. riscv64 imekuwa usanifu rasmi kwa mara ya kwanza katika Debian 13, na vifurushi vyenye majaribio yaliyowekewa muda mfupi hushindwa kwa sababu ya mwendo wa mashine zake. s390x ina tatizo la namna nyingine: hupanga baiti kuanzia ile kubwa, kinyume na amd64 na arm64. Msimbo unaosoma namba ya baiti 4 moja kwa moja kutoka kwenye faili bila kuzigeuza hufanya kazi kila mahali, kisha huanguka hapo. Fungua kumbukumbu ya ujenzi na uisome kutoka mwisho kurudi juu hadi kosa la kwanza. Ukiweza kumwandikia mtunzaji "jaribio la kusoma kichwa cha faili linatarajia 1 linapata 16777216", umemwokolea jioni nzima, kwa sababu 16777216 ni 1 iliyosomwa kinyume na chanzo kinajulikana papo hapo.

Sababu nyingine ni kwamba faili zilizojengwa zilipakiwa na binadamu badala ya mashine za Debian. Testing haipokei hizo. Tiba ni kupakia upya chanzo peke yake, yaani `dpkg-buildpackage -S` halafu `dput`, amri ya kupakia, ya faili linaloishia na `_source.changes`. Hakuna msimbo wa kubadilisha, ila namba ya marekebisho lazima ipande.

Kuna pia majaribio ya wengine. Kifurushi chako kikivunja jaribio la kifurushi kingine kinachokitegemea, chako ndicho huzuiwa. Endesha jaribio hilo kwa `autopkgtest` ndani ya mazingira safi ya sid, mara 3 au 4. Likifaulu mara mbili na kushindwa mara moja, jaribio lenyewe ni kigeugeu, na ripoti ya hitilafu iende kwa mwenye jaribio.

Hatimaye kuna kugandishwa, yaani mabadiliko kuzuiwa hatua kwa hatua kabla ya toleo jipya la Debian kutoka. Kuelekea Debian 13, mipito ya maktaba ilifungwa tarehe 15 Machi 2025, ugandishaji mwepesi ukaanza 15 Aprili, mgumu 15 Mei, na kamili 27 Julai. Anayedai toleo jipya katika miezi hiyo anadai kitu ambacho mtunzaji haruhusiwi kutoa. Tawi la majaribio, experimental, hubaki wazi, tazama huko.

Unstable yenyewe iko nyuma

Sasa tumefika kwenye upungufu wa watu, ingawa si mara zote. Anza na chombo kinachomwarifu mtunzaji. Faili `debian/watch` hueleza mahali pa kutafuta matoleo mapya. Likiharibika, ukurasa wa kifurushi hauonyeshi kwamba kuna toleo jipya, na mtunzaji mwenye vifurushi 60 hatajua. Mwaka 2022 GitHub ilibadilisha ukurasa wake wa matoleo, orodha ya faili ikawa haipakiwi pamoja na ukurasa, na faili nyingi za watch zilizosoma ukurasa huo zikawa vipofu kwa wakati mmoja. Jaribu:

```
apt source jina
cd jina-*/
uscan --no-download --verbose
```

`apt source` inahitaji `deb-src` ya unstable kwenye orodha ya vyanzo. uscan, inayosoma faili la watch, isipopata kitu wakati tovuti ya programu ina toleo jipya, elekeza faili kwenye ukurasa wa vitambulisho vya matoleo:

```
version=4
https://github.com/mradi/jina/tags .*/v?(\d\S+)\.tar\.gz
```

Kiraka cha mistari miwili kama hiki ni zawadi kamili ya mtu anayejitolea kwa mara ya kwanza. Kinakaguliwa kwa dakika moja na hakina hatari.

Kama watch ni nzima na toleo linaonekana, jiulize kwa nini halijafungashwa. Jaribu kulifungasha mwenyewe hata kama hutapakia. Utakutana na kizuizi kile kile alichokutana nacho mtunzaji:

```
uscan
uupdate -v 2.1 ../jina_2.1.orig.tar.gz
cd ../jina-2.1
export QUILT_PATCHES=debian/patches
quilt push -a
```

quilt huingiza viraka vya Debian juu ya msimbo mpya. Kiraka kikigoma kuingia, soma kwanza kama waandishi hawajakipokea. Kama kimo ndani ya toleo jipya, kifute. Kama mistari imesogea tu, `quilt push -f`, rekebisha, `quilt refresh`. Kisha jenga kwa `sbuild -d unstable --chroot-mode=unshare`, ukiwa umesimika `sbuild`, `mmdebstrap` na `uidmap`. Kila ujenzi hupakua vitegemezi upya, kwa hiyo kama intaneti yako ni ya bando, weka `apt-cacher-ng` mbele yake, la sivyo majaribio matano yatakumaliza salio kabla hujafika popote. Malizia na `lintian -i -I`, inayokagua makosa ya ufungashaji, juu ya faili la `.changes`.

Vizuizi viwili hujirudia. Cha kwanza ni kubadilika kwa SONAME ya maktaba, jina la ndani ambalo programu nyingine huitafutia:

```
objdump -p libjina.so.3 | grep SONAME
```

Zamani ilikuwa 2 na sasa ni 3? Basi `libjina2` inakuwa `libjina3`, kifurushi kipya kinachopita foleni ya NEW, na kila programu inayoitumia lazima ijengwe upya. Huo ni mpito, nao una utaratibu: pakia experimental, jenga upya wategemezi wote (`build-rdeps` hukupa orodha), ripoti vinavyovunjika pamoja na viraka, kisha omba nafasi kwa timu ya utoaji. Kupakia moja kwa moja unstable ili kuokoa muda hukwamisha mipito mingine iliyokuwa njiani.

Cha pili ni vitegemezi vya Rust na Go. Debian hufungasha kila maktaba peke yake. Programu inayohitaji maktaba 12 ambazo hazimo haisubiri kifurushi kimoja, inasubiri 13. Ukitaka kusaidia, chagua maktaba iliyo chini kabisa kwenye mnyororo, ile isiyotegemea nyingine inayokosekana, ujiunge na timu ya lugha husika.

Kimekaa kwenye NEW

Foleni hii hukaguliwa na watu, hasa leseni. Huwezi kuiharakisha, lakini unaweza kuzuia kukataliwa na kurudi mwisho wa foleni. Endesha `licensecheck -r .` na ulinganishe na `debian/copyright` faili kwa faili. Vinavyokataliwa zaidi: JavaScript iliyobanwa bila chanzo chake, picha au fonti isiyo na leseni iliyoandikwa, nakala za RFC (hati za viwango vya intaneti) ambazo leseni yake hairuhusu kubadilishwa, na folda ya maktaba za nje ambayo haikutajwa. Zifute kwa `Files-Excluded` kwenye `debian/copyright`, na uscan itazitoa kila mara.

Jambo moja husahauliwa hata na wenye uzoefu: NEW hudai upakie na faili zilizojengwa, na testing huzikataa. Kwa hiyo kikishapokelewa, pakia tena chanzo peke yake. Bila upakiaji huo wa pili kifurushi kitakaa unstable na kila mtu atadhani kuna tatizo kubwa.

Mtunzaji hajibu

Angalia kama amenyamazia kifurushi hiki tu au ametoweka kabisa. `who-uploads --date jina` itaonyesha waliopakia mwisho na lini. Mtu aliyepakia vingine wiki iliyopita yupo. Amelemewa, na kiraka kilicho tayari kitamfikia kuliko ripoti ya tatu ya "toleo jipya limetoka". Asiyeonekana popote, ijulishe timu ya MIA, inayofuatilia waliopotea kwa upole na kwa siri, kwani nyuma ya ukimya mara nyingi kuna ugonjwa, msiba au kazi mpya.

Hitilafu nzito ikihitaji tiba, kuna upakiaji wa asiye mtunzaji, NMU. Anza na `dch --nmu`, ambayo hugeuza `1.5-2` kuwa `1.5-2.1`. Tuma tofauti kwenye ripoti kwa `nmudiff`, halafu pakia kwenye foleni ya kusubiri: siku 2 kama unarekebisha tu hitilafu zinazozuia utoaji zilizopita siku 7, siku 5 kama unagusa na zile za `important`, siku 10 kwa mengineyo. Usiingize toleo jipya wala kubadilisha mtindo wa kifurushi humo. NMU ni ya kuziba tundu la paa. Ukianza na kupaka rangi kuta, mwenye nyumba akirudi mtagombana.

NMU zikifuatana mbili tatu na ripoti hazijibiwi, kifurushi kinafaa kuokolewa. Fungua ripoti juu ya kifurushi chenyewe, uzito `important`, kichwa kikianza na `ITS:` (kusudio la kuokoa), ukimnakilisha mtunzaji. Subiri siku 21. Asipopinga, pakia ukiwa umejiandika mtunzaji, kwa kusubirisha siku 7 nyingine. Akijibu hata siku ya 20 kwamba anaendelea nacho, acha, na umwombe akuongeze kama msaidizi.

Kilichotangazwa yatima ni rahisi zaidi. `wnpp-alert` hulinganisha vifurushi ulivyosimika na orodha ya mayatima na ya wanaoomba msaada. Si lazima ukiasili mara moja. Fanya upakiaji wa QA, ule wa kutengeneza kifurushi kisicho na mwenyewe, kwa `dch --qa`, funga hitilafu mbili tatu, uone kama unakiweza.

Umejitolea, hakuna anayekupokea

Hili ndilo linalopoteza watu wengi zaidi, na linaumiza. Asiye mwanachama huhitaji mdhamini wa kumpakilia, na wadhamini ni wachache kuliko wanaoomba. Ombi lako likikaa wiki tatu kimya, kagua haya: kama `debian/changelog` bado inasema `UNRELEASED`, kama lintian ina makosa ambayo hukuyaeleza, kama umechanganya toleo jipya, mabadiliko ya debhelper (zana za kufungashia) na usafishaji wa leseni katika upakiaji mmoja ambao utamchukua mkaguzi saa tatu. Ugawe. Mdhamini mwenye nusu saa huchagua kazi ya nusu saa.

Kosa la pili ni kuanza na kifurushi kipya kabisa. Kinaongeza mzigo kwa wakaguzi wa NEW, na mdhamini hajui kama utakuwepo mwakani. Upakiaji wa QA wa yatima, au viraka vitatu katika timu moja, hujenga jina haraka kuliko programu kumi mpya. Baada ya muda yule yule anayekudhamini anaweza kukutetea uwe Debian Maintainer, mwenye ruhusa ya kupakia vifurushi vilivyotajwa. Kwa hilo ufunguo wako wa OpenPGP, unaotia sahihi za kidijitali, unatakiwa kuwa umetiwa sahihi na mwanachama mmoja aliyethibitisha utambulisho wako, kawaida kwa kukutana uso kwa uso. Ukiwa Dodoma au Bujumbura usingoje hadi siku ya kuomba. Tafuta mapema nani anapita mkutano wa teknolojia ulio karibu, na uende na kitambulisho pamoja na alama ya ufunguo iliyochapwa.

Timu yenye jina moja

Sehemu ya `Maintainer` inaweza kusema "timu" na kazi ikawa ya mtu mmoja. Kwenye hazina ya Git ya kifurushi:

```
git shortlog -sn --since="1 year ago" -- debian/
```

Mistari 48 ya mtu mmoja na 2 ya mwingine ni dalili ya hatari kuliko sasisho lolote lililochelewa. Kisa cha xz, programu ya kubana faili, kilionyesha mwisho wake. Lasse Collin aliitunza programu hiyo karibu peke yake, kwa kujitolea. Mwaka 2022 akaunti kadhaa zilimshinikiza kwa ucheleweshaji wake na kumtaka aongeze mtunzaji, hata baada ya yeye kusema wazi kwamba matatizo ya afya ya akili yamempunguzia uwezo. Aliyepewa nafasi, aliyejiita Jia Tan, ndiye aliyeingiza mlango wa siri katika 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund aliutangaza tarehe 29 Machi 2024. Stable ya Debian haikuguswa. Testing na unstable ziliguswa, zikarudishwa kwa kifurushi kilichoitwa `5.6.1+really5.4.5-1`, kwa kuwa apt haishuki namba na ilibidi toleo la zamani livae namba ya juu.

Kwa hiyo unapokuta mtunzaji aliyebaki peke yake, usimwandikie kwamba anawachelewesha watu, na usimwombe ruhusa ya kupakia kwenye ujumbe wa kwanza. Chukua kazi zisizohitaji ruhusa. Pitia ripoti 10 za zamani, jaribu kila moja kwenye sid, uandike kama bado ipo na kwa hatua zipi. Isiyorudi tena, taja toleo ulilojaribia ili aifunge. Kifurushi kisicho na majaribio kiandikie `debian/tests/control` yenye jaribio moja tu la kuendesha programu kwenye faili dogo. Kikiwa hatarini kuondolewa testing kwa hitilafu nzito na kiraka kinaendelea kuandaliwa, tuma maelezo ya maendeleo kwenye ripoti hiyo. Ujumbe huo huanzisha upya saa ya kuondolewa. Na ukiwa ndiye mtunzaji mwenyewe, fungua ripoti ya RFH (ombi la msaada) leo, ukitaja kazi mbili mahususi na muda unaokadiria kila moja itachukua, kwa sababu "nahitaji msaada" bila kazi iliyotajwa huwa haijibiwi.